Muuaji anapompenda anayemwinda: Mbona lazima mmoja afe?

HEBU jiweke katika viatu vya Eve. Umerudi nyumbani jioni, na ndani ya nyumba unampata mwanamke ambaye umekuwa ukimsaka Ulaya nzima kwa mauaji. Juzi tu amemuua rafiki yako wa kazini. Unakimbilia bafuni, na silaha pekee unayopata ni brashi ya choo. Anakwambia hajaja kukuua. Anataka tu mle pamoja. Basi unampashia kiporo, mnaketi mezani, naye anakula kwa raha zake kama mgeni aliyealikwa.

Huo ndio ucheshi wa Killing Eve, tamthilia iliyoanza 2018 na kukamilika 2022 baada ya misimu minne. Villanelle (Jodie Comer) ni muuaji wa kulipwa. Eve (Sandra Oh) ni afisa wa ujasusi Uingereza anayemwinda. Wanapendana, lakini kwa mtindo wao. Villanelle anamwibia Eve sanduku la safari, kisha analirudisha likiwa limejaa nguo za bei na manukato, pamoja na kijikaratasi cha kuomba radhi. Radhi ya nini? Ya kumuua huyo rafiki! Mwisho wa msimu wa kwanza Eve anamdunga Villanelle kisu wakiwa wamelala kitandani Paris. Mwisho wa msimu wa pili Villanelle anamlipa kwa risasi, kule Rome. Wee, kama hiyo ndiyo kukatiana, heri sisi tunaongojea mtu ajibu meseji.

Utacheka, halafu utajishuku mbona unacheka. Watu wasio na hatia wanakufa ovyo humo ndani, nawe bado unaomba hawa wawili wabusiane.

Sasa, kama hujaimaliza na hutaki kuharibiwa utamu, ruka aya hii. Katika kipindi cha mwisho, Aprili 2022, hatimaye wanakuwa wapenzi. Dakika chache baadaye Villanelle anapigwa risasi na kufia ndani ya mto Thames. Mashabiki waliwaka moto. Hasira yao haikuwa kwamba muuaji ameuawa, hilo lilitarajiwa. Walichoka na mtindo wa miaka mingi wa filamu na tamthilia ambapo wapenzi wa jinsia moja wakionja raha kidogo tu, mmoja lazima azikwe. Hata Luke Jennings, aliyeandika vitabu vilivyozaa tamthilia hii, aliukosoa mwisho huo hadharani.

Usidhani hayo ni ya Wazungu tu. Mwaka uo huo wa 2018, filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Humo hamna bunduki wala muuaji wa kukodiwa. Ni Kena na Ziki, wasichana wa mtaani Nairobi ambao baba zao wanashindana kwenye siasa. Lakini bodi ya kuainisha filamu iliipiga marufuku Aprili mwaka huo, ikisema inapigia debe usagaji kinyume cha sheria.

Na hapa ndipo mimi huganda. Kahiu alieleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho, kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Yaani shida haikuwa tu kwamba wasichana hao walipendana. Shida ni kwamba hawakujuta vya kutosha! Alikataa. Septemba, Mahakama Kuu iliondoa marufuku hayo kwa siku saba tu, kwa watu wazima pekee, na kumbi za sinema Nairobi zikajaa.

Unaweza kuwa na msimamo wako kuhusu mapenzi ya jinsia moja, na wengi wetu tunao, tena mkali. Lakini jiulize: ukitazama Villanelle akichinja watu kwa tabasamu, ni kipi kilikukera zaidi, kisu au busu? Mimi nilipojiuliza, jibu langu halikunifurahisha.

Kwa waliolia na kipindi kile cha mwisho, kuna afueni kidogo. Vitabu vya Jennings havifuati tamthilia. Huko Villanelle yu hai, yuko na Eve, na bado ni msumbufu vilevile.