Siku Jane Alipomtolea Uvivu Mke wa Mjomba

Msomaji wa riwaya ni shahidi asiyeitwa mahakamani. Anaona mtoto akipigwa, anasikia akisingiziwa, ukweli wote anao, na hana la kufanya ila kufunua ukurasa. Mwonewa anapofungua kinywa hatimaye, msomaji naye anatuliwa mzigo.

Charlotte Brontë aliujua vyema mzigo huo. Riwaya yake Jane Eyre, iliyotoka London Oktoba 1847 kwa jina la kupanga la Currer Bell, inaanza na yatima wa miaka 10 anayelelewa kwa masimango na mke wa mjomba wake, Bi Reed. Binamu yake John, wa miaka 14, anamtupia kitabu. Jane anaanguka, anajigonga mlangoni na kutoka damu. Anapojitetea, anayeadhibiwa ni yeye. Anafungiwa katika chumba chekundu alimofia mjomba.

Jibu lenyewe linacheleweshwa hadi sura ya nne. Kwanza anakuja Brocklehurst, msimamizi wa shule atakayopelekwa Jane, na Bi Reed anamwambia mgeni huyo kwamba mtoto ni mwongo. Kipigo kingeishia mle nyumbani; sifa ya uongo itamtangulia shuleni. Tena Jane ndiye anayetusimulia, kwa hiyo anayemwita mwongo anatuita na sisi wajinga kwa kumwamini. Mgeni akishaondoka, Jane anampasulia mlezi wake: angekuwa mwongo angesema anampenda, na hampendi, wala hatamwita tena kwa jina la udugu maishani mwake. Kazi ya mkono inamteleza Bi Reed mapajani.

Wengi wangefunga sura hapo. Brontë anaendelea, na ndipo ninapomvulia kofia. Baada ya nusu saa ya kimya utamu wa ushindi umekwisha, umebaki uchungu. Mtoto anakuwa radhi hata kwenda kuomba msamaha, ila anajua atazidi kudharauliwa. Aliyelelewa kwa kunyamazishwa hamjibu mkubwa wake kisha akalala usingizi mnono.

Si kila msomaji aliyeshangilia. Desemba 1848, katika jarida la Quarterly Review, Elizabeth Rigby aliishutumu riwaya hiyo kuwa inapingana na Ukristo, akamwona Jane hana shukrani. Mwaka huohuo mapinduzi yalikuwa yameitikisa Ulaya, mfalme wa Ufaransa ameng'olewa, na Rigby aliona roho ileile ya uasi ndani ya kitabu. Hukumu yake siikubali, lakini pua yake ilinusa vizuri kuliko ya mashabiki wengi: mtoto anayekataa masimango anahoji haki ya mlezi kumtawala.

Kinachonikera mimi ni kimya chetu baadaye. Kwenye ghorofa ya tatu ya nyumba ya Rochester, mwanamume atakayependwa na Jane, amefungiwa mkewe, Bertha Mason kutoka Jamaica. Anacheka, ananguruma, mwishowe anaichoma nyumba; upande wake wa kisa hatuusikii. Sisi tuliolia na mtoto wa chumba chekundu tunampita mlangoni. Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, hakumpita. Katika riwaya yake Wide Sargasso Sea ya mwaka 1966 alimpa mwanamke huyo nafasi ya kusimulia utoto wake na kifungo chake, na humo anaitwa Antoinette. Bertha ni jina alilobandikwa na mume.