Lori la jeshi kuwa nyumba ya safari: Anza na breki, mapazia yatangoja

Umeiona ile video. Familia ya Wajerumani, baba, mama na watoto wawili, wanaishi ndani ya lori la zamani la jeshi. Mna kitanda, jiko na rafu ya vitabu. Wanaamka jangwani, wanakunywa kahawa mlangoni. Wewe uko Pipeline, ghorofa ya tano, saa sita usiku, na wazo limeshakuingia: Desemba hii, badala ya kubanana na watoto kwenye matatu kwenda ushago Litein, mbona tusiende na nyumba yetu wenyewe?

Wazo si baya hata kidogo. Lakini kabla hujaanza kumtumia bibi yako picha za mapazia, wacha nikwambie mambo ambayo video haikuonyesha.

La kwanza ni kwamba lori lile la Wajerumani huwezi kuliagiza. Kiwango cha KS 1515, ambacho KEBS hukitumia kukagua magari yaliyotumika, hakiruhusu gari lenye zaidi ya miaka minane kuingia nchini. Malori mengi yanayouzwa na majeshi ya Ulaya ni ya miaka ya 1970 na 1980, na usukani uko kushoto. Wale wageni unaowaona Nanyuki au Maasai Mara na malori yao huingia kwa kibali cha muda, na muda ukiisha hutoka nayo. Kwa hivyo yule wakala wa mtandaoni anayekuahidi Unimog kutoka Ujerumani kwa bei ya Probox, achana naye.

Mlango uliobaki ni mnada wa hapa nyumbani. Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya 2015 inaruhusu taasisi ya serikali kuuza mali isiyohitajika tena kwa zabuni ya wazi au kwa mnada. Matangazo hutoka magazetini. Huwa kuna siku ya kukagua, kuna amana ya kulipa, na kuna maneno madogo yenye uzito kuliko lori lenyewe: linauzwa jinsi lilivyo, mahali lilipo. Ukishinda, ni lako pamoja na kutu yake. Nenda siku ya ukaguzi na mekanika wako, tena awe wa malori. Yule anayekutengenezea Vitz si wa kazi hii. Na uulize mapema kama lina karatasi za kuliwezesha kusajiliwa kwa jina la raia, kwa sababu lori bila karatasi ni banda la kuku la bei ghali.

Sasa, unanunua lori gani? Kama una moyo wa zamani utaitamani Bedford. Naelewa. Katika miaka ya 1970 kampuni za safari za Uingereza zilichukua Bedford zilizotoka jeshini, zikaweka viti na mahema, na kuwavusha vijana kutoka London hadi Nairobi na mbele mpaka Johannesburg. Hata wazee wetu waliopigana Abisinia na Burma, wengi walijifunza udereva kwenye malori ya jeshi. Historia ni tamu. Lakini General Motors ilijiondoa kwenye utengenezaji wa malori ya Bedford mwaka wa 1987, na bomba la breki likipasuka ukiwa Kaplong Jumapili jioni, historia haitakuuzia lingine. Isuzu, kwa upande mwingine, haina mapenzi ya sinema, lakini vipuri vyake viko katika kila mji wenye duka la vipuri. Maoni yangu, na unaweza kuyapinga: kwa familia inayokwenda Kericho na Bomet, lori la majani chai lililostaafu ni bora kuliko lori la jeshi lililostaafu. Limezoea milima hiyo hiyo, na mafundi wa huko wanalijua kama mkono wao.

Lakini iwe Bedford au Isuzu, hapa ndipo nataka usome polepole.

Barabara ya kutoka Nakuru inapanda kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, halafu unakata kushoto na kuanza kuteremka kuelekea Kericho. Njiani kuna Londiani Junction. Jioni ya Juni 30, 2023, lori la kontena lilipoteza mwelekeo pale, likagonga magari mengine na wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa zao kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wengi wao hawakuwa safarini kokote. Walikuwa kazini.

Nalitaja hilo kwa sababu lori lako la likizo litapita hapo hapo, likiwa na tani saba au nane, na watoto wako nyuma. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Ukiikanyaga kilomita nzima ya mteremko, joto linazidi, breki zinalegea, na pedeli inabaki pale pale chini ya mguu bila kufanya lolote. Dereva mzoefu hateremki kwa breki. Anateremka kwa gia. Anaingiza gia ile ambayo angeitumia kupandia mlima huo huo, tena anaiingiza kabla mteremko haujaanza, kisha injini ndiyo inayolizuia lori. Breki inaguswa kidogo na kuachiliwa. Kama lori lina breki ya ekzosi, hakikisha inafanya kazi. Kama haina, hiyo ndiyo pesa ya kwanza kutumia, kabla ya godoro.

Lori lililokaa uwanjani miaka mitano lina ugonjwa wake. Mipira ya ndani ya breki za upepo hukauka na kupasuka. Maji hukusanyika ndani ya matangi ya hewa na kuyala kwa kutu. Mwambie fundi afungue kila gurudumu, abadilishe kila mpira na kila bomba laini, hata kama linaonekana zima. Halafu jaza upepo, zima injini, nenda unywe chai, urudi baada ya nusu saa uangalie geji. Mshale ukiwa umeshuka sana, kuna mahali panavuja. Hakuna cha kubishana hapo.

Tairi nazo hudanganya. Za jeshi huwa na meno marefu mazuri kwa sababu hazikutembea sana, lakini mpira huzeeka hata ukiwa umesimama. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 3212, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2012. Sasa piga hesabu mwenyewe kama unataka kuteremka nayo na watoto.

Baada ya hapo ndipo tunazungumzia nyumba, na hata hapo tunaanza na mizani. Kila kitu unachoweka kina kilo. Karatasi moja ya plywood ya milimita 18, futi 4 kwa 8, ina kilo 30 na ushei. Bati la chuma la ukubwa huo huo, unene wa milimita 2, ni kilo 46 hivi. Maji lita 200 ni kilo 200, bila kuhesabu tangi. Jumlisha vitanda, betri, mitungi ya gesi, na lile gunia la viazi ambalo utapewa ushago upende usipende. Lori la tani nne litabeba hayo yote, ndiyo, lakini swali ni uzito umekaa wapi. Tangi la maji likae chini, katikati ya ekseli. Ukiliweka juu ya paa ili maji yatiririke bila pampu, umetengeneza lori linaloyumba kwenye kila kona, na kona za kati ya Kericho na Litein si chache.

Kisha kuna jambo ambalo mafundi wengi wa jua kali hulikosea, si kwa uzembe, bali kwa sababu wamezoea mizigo. Chesisi ya lori la jeshi imetengenezwa ipinde. Gurudumu moja likipanda jiwe, reli mbili za chesisi hujisokota, na hiyo ni sifa yake. Sasa ukichomelea boksi gumu la nyumba moja kwa moja juu ya chesisi hiyo, kimoja lazima kipasuke. Ama kuta zitatoa nyufa na mvua iingie, ama chesisi yenyewe itakatika pale palipochomwa. Boksi linapaswa kukaa juu ya fremu yake yenyewe, nayo ifungwe kwa chesisi kwa bolti zenye springi, au ishikiliwe katika sehemu tatu ili chini pakijipinda, juu pabaki palipo. Mwambie fundi asichome wala kutoboa reli kuu ovyo. Akisema "hiyo ni kitu kidogo, bosi," tafuta fundi mwingine.

Na mafundi wapo. Nchi inayojenga bodi za matatu juu ya chesisi za Isuzu, na taa zake na mziki wake, haikosi watu wa kujenga nyumba juu ya lori. Mkubaliane tu kwamba viti vya abiria vitafuata nguvu zinazotakiwa na kiwango cha KS 372 cha bodi za magari ya abiria. Yaani kiti kifungwe kwenye fremu ya chuma, si kwenye plywood, na kila mtoto awe na mkanda. Hakuna kulala kitandani gari likitembea. Najua watakulilia. Wacha walie.

Makaratasi sitayamaliza hapa. Ukibadilisha aina ya bodi, rangi au injini, lazima NTSA ijue, gari likaguliwe, na mabadiliko yaandikwe kwenye kile cheti cha umiliki tunachokiita logbook. Leseni ya darasa B haikutoshi. Itakuwa C1 au C, kulingana na uzito. Ongea na kampuni ya bima kabla ya kujenga, ujue italiita gari lako kitu gani. Na ile rangi ya kijani ya jeshi, hata kama unaipenda vipi, ipake nyingine. Hutaki kueleza maisha yako yote kwenye kila kizuizi cha polisi.

Haya, tuseme mmefika. Kericho iko mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na mvua ya alasiri huko ni kama kipindi cha redio, ina saa zake. Ndiyo maana chai inapenda mahali hapo. Usiku baridi inaingia hadi mifupani. Watu watano wakilala ndani ya boksi la chuma lisilo na kitu ukutani, pumzi yao inageuka maji, na kufikia alfajiri dari inadondosha matone juu ya blanketi. Kwa hivyo weka povu la kuzuia baridi katikati ya kuta mbili, na uache matundu mawili ya hewa yasiyofungika, moja chini na moja juu.

Yasiyofungika, nasema, kwa sababu baridi ikizidi mtu atasema: "Si tuingize jiko kidogo, tupate joto?" Usiingize. Jiko la makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Inakupa usingizi mzito tu. Nyumba za mabati zimepoteza familia nzima kwa njia hiyo, na boksi la lori ni dogo kuliko nyumba ya mabati na limezibwa vizuri zaidi. Pikeni nje chini ya turubai. Mkitumia gesi, mtungi ukae kwenye sanduku la nje lenye tundu chini, kwa maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutulia sakafuni. Joto la usiku ni la blanketi na chupa ya maji moto. Nunueni pia kile kifaa kidogo cha kupiga kelele kinapohisi kaboni monoksidi.

Umeme, kwa kifupi: malori mengi ya jeshi hutumia volti 24 kutoka kwa betri mbili. Usichote volti 12 kutoka betri moja ili uchaji simu. Utaua zote mbili na asubuhi mtasukuma tani nane. Nunua kigeuzi. Sola nayo haitakupa Kericho ilichompa yule Mjerumani jangwani, mawingu yanajua kukaa.

Mafuta? Lori la aina hii halikupi zaidi ya kilomita tatu au nne kwa lita. Nairobi hadi Kericho ni kilomita 260 hivi. Usifanye hesabu hiyo mbele ya watoto.

Kutoka Kericho mnaweza kushuka Litein, Kapkatet, Kaplong hadi Bomet, kisha mpande Silibwet kuona maporomoko ya mto Nyangores karibu na hospitali ya Tenwek. Zile barabara nyekundu nyembamba zinazoingia kwenye mashamba makubwa ya chai zina wenyewe, zina geti na madaraja ya uzito fulani, kwa hivyo ombeni ruhusa. Kwenye barabara za wakulima wadogo hakuna geti, lakini kuna jambo la kuheshimu zaidi ya geti. Majani yaliyochumwa leo yanapaswa kufika kiwandani leo. Yakikaa sana guniani yanapata joto, yanakuwa mekundu, na kiwanda kinaweza kuyakataa. Jasho la mama mmoja tangu saa moja asubuhi linamwagwa shimoni. Sasa mvua imenyesha, murram imekuwa sabuni, na lori lako zito limekwama katikati, mbele ya kituo cha kuuzia majani, na magunia yamepangwa ukutani yakingoja.

Msiegeshe hapo. Mkifika kijijini, tafuteni mzee wa mtaa kabla giza halijaingia, mseme "Chamgei", mwombe awaonyeshe mahali pagumu, pa changarawe, mbali na njia ya lori la majani. Uwanja wa kanisa au wa shule wakati wa likizo huwa mzuri, kwa ruhusa. Elekezeni pua ya lori barabarani, jiwe nyuma ya gurudumu, na funguo zikae mahali ambapo watu wazima wawili wanapajua. Mkisikia honi usiku, huenda ni lori la majani lililocheleweshwa na matope, na dereva anataka kujua kama mnaweza kusogea kidogo.