Bosi Haoni, Beaker Habongi

Wasee wakianza kubonga story za The Muppet Show, majina ni zile zile tu: Kermit yule chura, Miss Piggy na madharau zake, Animal akitwanga ngoma ni kaa zimemkosea. Hao ndio masonko wa hiyo shoo, na wameshaongelewa ikatosha. Leo nataka huyu chali mrefu amekonda, kichwa silinda tupu, nywele rangi ya machungwa zimesimama wima, macho mbili zimetoka nje na mdomo umeangalia chini hata kabla ngori ianze. Anaitwa Beaker. Kwa epi anapewa dakika kidogo, zingine hata hatokei, na akitokea lazima aumie.

Kwanza rada ya shoo yenyewe. Ilikuwa ya Jim Henson na mbogi yake. Stesheni kubwa za Marekani zilimkatalia, zikaona papeti ni mambo ya watoi, so buda mmoja wa Uingereza, Lew Grade wa ATV, ndiye alimwaga munde. Wakashuti huko Elstree, karibu na London, kutoka 1976 hadi 1981, epi 120. Form ilikuwa ni theatre imechoka: ngoma, vichekesho, densi, na nyuma ya pazia ni vurugu mechi. Kila epi ilikuwa na mgeni mkali. Elton John alikam, Diana Ross akakam, hadi Harry Belafonte, yule alirekodi Malaika na Miriam Makeba. Epi ya Belafonte wasee waliunda papeti zenye sura ya vinyago vya Kiafrika, na manze, hiyo ngoma ya mwisho itafute hata kama hii story ya Beaker haikubambi.

Haya. Ndani ya hiyo fujo kulikuwa na ka-kipande kanaitwa Muppet Labs. Mwenye labu ni Daktari Bunsen Honeydew, kichwa ya kijani, mviringo, amevaa miwani na hana macho. Si ati macho zimefichwa. Hakuna. Miwani imekalia uso tupu. Msimu wa kwanza Bunsen alikuwa solo: anatokea, anaelezea uvumbuzi wake kwa sauti ya upole, kitu inaharibika, story inaisha. Ilikuwa inachekesha, lakini kidogo. Msimu wa pili, 1977, wakamletea Beaker, na hapo ndio kitu ikashika. Juu Bunsen akiwa peke yake alikuwa tu mjinga anajichoma. Akishapewa msaidizi, akageuka bosi.

Hiyo ndio siri yote, na ni ya ufundi, si ya bahati. Msee wa kuelezea na msee wa kuumia walikuwa mtu mmoja, wakagawanywa wawili. Sasa Bunsen anaweza endelea kuelezea mdogo mdogo huku nare inawaka nyuma yake. Na hana roho mbaya, hii ndio inaniua. Hapigangi Beaker makelele, hamtusi, hata anamuita kwa upendo. Anapenda sayansi hadi hakuna nafasi imebaki ya kuona msee. Angekuwa bosi mkali tungemchukia, tungemhurumia Beaker, na kicheko ingekatika. Sasa tunacheka juu huyu mzae hataki mabaya, ni vile tu macho hana.

Beaker naye ni upande ule mwingine. Ameundwa macho tupu. Anaona kila kitu, anaona mapema, lakini akifungua mdomo inatoka tu "mii-mii-mii". So kwa hiyo labu kuna mmoja anaweza bonga na haoni, na mwingine anaona na hawezi bonga. Kama ushawahi kuwa spana boi kwa garage ya jua kali, ukatumwa uingie chini ya gari na wewe ndiye pekee umecheki vile jeki imelala upande, unajua hiyo sura ya Beaker. Fundi anakushow "ingia, ni dakika mbili." Unaingia.

Na uvumbuzi wenyewe, wueh. Klipu za karatasi za kudishi. Mashine ya kuchonga ndizi iwe na ncha. Kifaa cha kukushow kama kuna gorila hapo karibu. Kuna siku Bunsen alikuja na mtambo wa kugeuza dhahabu ikuwe jibini, na akaitangaza kwa furaha yote ya mtu ameokoa dunia. Hiyo ndio naipenda kuliko zote, juu hakuna haja ya mlipuko. Msee ako na dhahabu mkononi, anafikiria, anafikiria, anaamua shida ya hii dhahabu ni kwamba hailiki. Siku ingine ilikuwa mashine ya kutoa kopi, wakatoka Beaker kibao, wote na ile sura ya "nani alinileta hapa."

Mwenye alikuwa anachezesha huyo chali kwa mkono wake anaitwa Richard Hunt. Alizaliwa New York mwaka wa 1951, akakulia New Jersey, na aliingia kwa mbogi ya Henson mwaka wa 1970, kijana tu, ametoka kumaliza shule. Yaani akipewa Beaker alikuwa bado kijana wa base, mwenye anakumbuka vizuri kutumwa kunakaanga aje. Cheki sasa wengine wenye alikuwa anacheza. Alikuwa Scooter, yule boy wa kutumwa nyuma ya jukwaa, mwenye alipata wera juu ankoli yake ndiye mwenye theatre. Hiyo Mkenya hahitaji kuelezewa. Alikuwa pia Statler, mmoja wa wale wazee wawili wanakaanga juu kwa balkoni wakidunga kila kitu matusi. So mkono ule ule: huku ni kijana ana konekshen, huku ni mzee anacheka wasee wakiungua, huku ni Beaker, hana ankoli, hana balkoni, anaungua.

Na usidhani ni kazi rahisi ati juu hakuna maneno. Papeti za hivi, mkono mmoja unaingia kichwani kufungua mdomo, mwingine unashika vijiti za mikono. Jukwaa limeinuliwa, msee amesimama chini, mikono juu ya kichwa, anajicheki kwa skrini ndogo ndio ajue anafanya nini. Macho za Beaker hazisongi. Hana nyusi za kukunja. Akiogopa, hiyo woga ni kichwa kuzama kidogo tu na mdomo kutetemeka, na ile "mii" kupanda au kushuka. Hunt alikuwa anapandisha sauti ikiwa swali, anaikata ikiwa ni kukataa, anaivuta ikiwa ni kuomba msamaha wa kosa lenye hajafanya. Unashikanisha sentensi nzima na hakuna neno limetoka.

Wasee walimpenda kuliko wenyewe walivyopanga. Mwaka wa 2004 chama cha sayansi cha Uingereza kilipigisha kura mtandaoni: mwanasayansi gani wa skrini anabamba zaidi? Kura 43,000 hivi ziliingia, na Bunsen na Beaker wakabeba asilimia 33. Spock wa Star Trek aliachwa mbali. Wanasayansi wawili wenye sijawahi ona jaribio lao likiisha na kila mtu akiwa mzima. Halafu 2008 Beaker akatokea YouTube akiimba Beethoven, akijijaza kwa skrini moja, "mii" juu ya "mii", mpaka vitu zikaharibika kama kawaida. Watoi wenye walikuwa hawajazaliwa shoo ikiisha wakamjulia hapo.

Hunt hakuona hiyo. Alidedi Januari 1992, ana miaka 40, UKIMWI ukimmaliza, chini ya miaka miwili baada ya Henson. Filamu ya The Muppet Christmas Carol, ya mwaka huo huo, waliwatunukia hao wawili. Beaker alikuwa sasa kwa mkono wa Steve Whitmire, mwenye alikuwa ameachiwa Kermit pia. Kwa hiyo filamu Beaker na Bunsen wanatembea wakichangisha doo za maskini, na Scrooge, aliyechezwa na Michael Caine, anawafukuza. Mwisho Scrooge akibadilika na kutoa ganji ya maana, Beaker anatoa skafu yake nyekundu shingoni anampea. Hakuna kitu imelipuka. Wenye hucheka Beaker tu wakichomeka huwa wanasahau hii, na kwangu ndio kitu kali amewahi fanya.

Sisi huku tumewahi kuwa na papeti zetu. Mwaka wa 2009 Gado, yule mchoraji katuni, alianzisha The XYZ Show, ikaanza kwa Citizen TV, sura za wanasiasa za mpira zikibonga vitu wenyewe hawangethubutu. Wazo walitoa kwa shoo ya Ufaransa, Les Guignols, na ilikuwa moto, sipingi. Lakini ilikuwa shoo ya wakubwa: tulikuwa tunacheka Kibaki, tunacheka Raila, tunacheka mwenye ana kiti. Bado nangoja mtu hapa Nai aunde papeti ya mwenye anabebanga hiyo kiti kwa mkutano, asiwe na jina kubwa, asiwe na laini za kubonga, na camera imfuate yeye huku mheshimiwa akiendelea kuhutubia.

Na kama unataka kuanza na Beaker, tafuta hizo za Muppet Labs za msimu wa pili na wa tatu, ziko fupi, unamaliza moja kabla mathree ijaze. Ya kwanza icheki ukiwa umezima sauti. Bunsen atakuwa anafungua tu mdomo hapo, hutajua anauza nini. Beaker hutahitaji kuelezewa.