Motere ya mbio: mizunguko inapaswa kukomea wapi?

Katika mashindano ya Mountain Gorilla Rally, inchini Rwanda, na Pearl of Africa Rally, inchini Uganda, Mitsubishi Lancer Evolution imeonekana sana kwa miaka mingi. Toka ile ya kwanza ya mwaka wa 1992 mupaka ya tisa, ilitumia motere moja: 4G63, ya litre 2 na turbo. Mafundi wanapenda kuifungua na kuiongezea nguvu. Na gari ikishatoka garaji, swali la mwenyewe ni karibu lilelile: sasa inaweza kupiga turu ngapi?

Jibu baya linaweza kuuza nyumba. Biyele, yaani ule mukono wa chuma unaoshika pistoni, ikikatika, inatoboa ubavu wa motere. Mafuta yanamwagika juu ya bomba la moshi lenye kuwaka, na gari ingali katika mwendo mukali. Hapo si feza tu zinapotea.

Watu wengi wanazani kwamba ni nguvu ya moto wa petroli ndiyo inavunja motere. Turbo inaweza kweli kufanya hivyo, lakini mizunguko inaua kwa njia ingine. Pistoni inapanda, inasimama, inageuka, inashuka, inasimama tena. Kwenye mizunguko 7000 kwa dakika, inageuka mara 14 000 katika dakika moja. Tuchukue mufano wa pistoni yenye uzito wa gramu 500 pamoja na pini yake. Katika 4G63 inasafiri milimetre 88, na biyele iko na urefu wa milimetre 150. Ukipiga hesabu, kwenye 7000 ile nusu kilo inavuta biyele kama muzigo wa tani moja na nusu. Kwenye 8000 inafika tani mbili, na kwenye 9000 inapita tani mbili na nusu. Muzigo hauongezeke sawa na mizunguko, unaongezeka kwa mraba wake.

Kibaya zaidi, unavuta sana wakati moshi unamalizika kutoka, kwa sababu hakuna kitu juu ya pistoni cha kuizuia. Ndiyo maana mara nyingi bulo mbili ndogo za biyele ndizo zinaachia kwanza.

Mafundi wa mbio wako na kipimo rahisi cha kuanzia: mwendo wa kati wa pistoni. Unazidisha safari ya pistoni kwa mbili, kisha kwa mizunguko, unagawanya kwa 60. 4G63 kwenye 7000 inatoa metre 20,5 kwa segonde. Honda S2000 ya mwaka wa 1999 ilitoka kiwandani na alama nyekundu kwenye 9000, yaani metre 25,2 kwa segonde, lakini kila kipande chake kilichorwa kwa ajili ya kazi hiyo. Mwenye 4G63 ya kawaida hawezi kukopa namba ya Honda.

Mutego mukubwa uko hapa. Wengine wanabadilisha vilibreke, ule muti wa chuma unaozungushwa na pistoni, wanaweka wenye safari ya milimetre 100 ili kupata litre 2,3. Nguvu inakuja mapema na inafurahisha. Lakini ukiacha mupaka kwenye 7000, pistoni inafika metre 23,3 kwa segonde. Kwa kubaki na ule mwendo wa kwanza, inabidi kushuka karibu na 6150. Motere imekuwa kubwa, mupaka wake umeteremuka, na wengi hawataki kusikia hilo.

Biyele na bulo za nguvu haziondoe kazi ya kuangalia juu. Resori za supape zikishindwa kufunga kwa wakati, supape inachelewa na pistoni inaigonga. Katika 4G63 vitu hivyo viwili vinaweza kukutana. Basi fundi anatafuta mupaka wa kila kipande, resori, biyele, pistoni, pompi ya mafuta, na kuchagua ule wa chini kuliko yote. Wastani hauna maana hapa.

Kisha kuna mashine ya kupima nguvu. Evolution IX ya Japani ilitoa nguvu yake ya juu, farasi 280, kwenye 6500. Turbo ya kiwandani ikishaishiwa pumzi, mizunguko ya juu ni kelele tu. Inatosha kupita kidogo kilele cha nguvu, ili vitesi inayofuata iangukie pazuri. Kama nguvu inakufa kwenye 6800, sioni sababu ya kulipia resori za 9000.

Mupaka ukishajulikana, ordinatere ya gari inawekwa ikate mizunguko mia chache chini yake, kwa sababu motere haisimame palepale.

Lakini ordinatere inakata petroli ao moto wa buji. Haiwezi kushika magurudumu. Shofere mwenye kutoka vitesi ya 3 kwa kutafuta ya 4, akaangukia ya 2, magurudumu yenyewe yanasukuma motere kupita 9000. Hata ikiendelea kuunguruma vizuri kisha pale, bulo za biyele na supape zinapaswa kukaguliwa mbele ya gari kurudia mbio.