Njia ya Anza: jina la kapiteni moja, miguu ya batu 240

Huko Arizona na California, Marekani, iko njia moja banaita Njia ya Juan Bautista de Anza. Bunge la kule liliitambua kuwa njia ya historia mwaka 1990. Ni kilometa karibu 1.900, kutoka mupaka wa Mexico mpaka San Francisco. Leo batu wanafuata vipande vyake kwa miguu, kwa kinga ao kwa farasi, ndani ya mapariki. Sisi wa sindika tuliifuata kwenye karta, na tuliuliza swali letu la kila siku: kazi alifanya nani?

Anza alikuwa kapiteni wa Hispania. Tarehe 23 Oktoba 1775 aliondoka Tubac na batu kama 240, zaidi ya nusu watoto. Familia nyingi zilikuwa za kimasikini, wengi wakiwa na damu ya Waindio ao ya Afrika. Ndiyo, ya Afrika. Kisha siku ya kwanza tu, mama Manuela Piñuelas alikufa kwa uzazi. Yeye peke yake njo alikufia mu safari ile.

Kwenye muto Colorado, Wayuma wa chifu Salvador Palma ndio waliwavusha. Waliahidiwa urafiki na zawadi. Halafu wageni wakajenga pale, nyama zao zikakula mashamba ya wenyeji, na ahadi zikabaki za mudomo. Mwaka 1781 Wayuma wakaasi, barabara ikafungwa. Nani kati yetu hajaona mapatano ya namna ile? Na kule San Francisco, maelfu ya wenyeji wamezikwa kwenye misioni iliyofunguliwa 1776.

Lakini kipande kimoja kilitukamata zaidi. Mwanzo wa Aprili 1776, Anza na padri Font walifika upande wa Antioch, wakibishana kama maji yaliyo mbele ni muto ao hapana. Karibu na pale, miaka karibu mia moja nyuma yao, wachimbaji walitoboa vilima kutafuta makaa ya mawe. Miji mitano ikaota, hata watoto wadogo wakashuka chini. Makaa ilipokosa bei, batu wakabomoa nyumba wakaenda. Leo ni pariki, jina lake Black Diamond Mines. Kunabakia makaburi ya Rose Hill, wengi wao Wawelshi, na pariki inayachunga.

Huku Katanga tunaona makaburi ya wachimbaji wa zamani yakisogelewa na machimbo mapya, bila kibao, bila jina. Kapiteni wa zamani bado anasomwa mu masomo.

Tunaomba wazee wa makambi, na wajane, watuletee majina: nani alikufa, mugodi gani, mwaka gani. Hata kama mwaka umesahaulika, leteni tu jina. Tumenunua daftari tayari, na mandeleji wa kila makambi watapita nyumba kwa nyumba kuanzia mwezi huu.