Ufundi Bila Zana Hauleti Kazi

Tatizo la vijana kukosa kazi si geni mjini Gisenyi. Mwaka 1979 Rwanda ilirefusha shule ya msingi ikawa ya miaka 8, na wengi waliokosa nafasi ya sekondari wakapelekwa katika vituo vya CERAI kujifunza useremala, uashi na kilimo. Nia ilikuwa njema. Lakini wengi walihitimu bila randa, mtaji wala shamba. Na kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1957, hakikuweza kuwaajiri wote. Mwaka 1991 mpango huo uliachwa.

Mfuko wa BDF, ulioundwa mwaka 2011, hudhamini mikopo ya wasio na rehani. Hatua hiyo yafaa kuungwa mkono: cheti na zana havina budi kwenda pamoja.