Dereva Akisinzia, Nani Atalipa?

Ndugu mkulima, huenda wewe na jirani zako mmekwisha kuchanga fedha mkanunua lori la kupelekea viazi sokoni. Ni jambo jema, kwani faida iliyokuwa ikienda kwa wachuuzi sasa yabaki nyumbani. Lakini siku ile mlipoandikisha lori kwa jina lenu mlijitwika mzigo mwingine, ambao wengi hawaufikirii mpaka waletewe karatasi za korti.

Tuseme mnapakia magunia Ol Kalou tangu asubuhi. Dereva ameshinda papo hapo akihesabu magunia na kufunga turubai. Saa kumi na mbili jioni mwamwambia, "Alfajiri uwe Kongowea, wanunuzi wanangoja." Kutoka Ol Kalou mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 600. Lori lenye mzigo likienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa litachukua saa 12 na zaidi, bila kusimama hata kwa chai. Saa tisa za usiku, karibu na Voi, usingizi wamshinda. Lori lavuka upande wa pili, laigonga motokaa iliyokuwa ikija, na baba wa watoto wanne afa pale pale.

Nani atalipa? Wengi watajibu upesi kwamba ni dereva. Kweli, dereva ana lake. Anayeua mtu kwa kuendesha kwa hatari aweza kufungwa mpaka miaka 10. Wala kusema "nilipitiwa na usingizi" hakumwokoi. Mwaka wa 1945 korti ya Uingereza, nchi ambako sheria yetu ya mambo haya ilitoka, iliamua kesi ya mtu aliyefanya kazi usiku kucha kiwandani, akaendesha gari kurudi kwake, akasinzia na kuwagonga askari waliokuwa wakienda kwa miguu barabarani. Korti ilisema kwamba usingizi hauji bila kubisha hodi. Anayeuona unakuja yampasa asimame.

Lakini mjane wa yule baba ajua kwamba dereva hana kitu. Atamshtaki mwenye lori pia, na sheria yamruhusu, maana dereva alikuwa katika kazi ya mwenye lori. Mwaka wa 1969 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba gari likileta hasara kwa uzembe, huchukuliwa kwamba aliyeliendesha ni mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa makosa yake, isipokuwa uletwe ushahidi wa kuonyesha vingine. Na mwenye gari ni yule aliyeandikwa katika hati yake, mpaka ithibitishwe sivyo. Kwa hiyo angalieni: ikiwa lori ni la watu 20 lakini limeandikishwa kwa jina la mwenyekiti peke yake, yeye ndiye atakayeitwa kwanza.

Sasa ile amri yenu ya jioni. Sheria ya Trafiki yakataza mtu kuendesha gari la biashara zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Safari ya saa 12 kwa dereva mmoja ilikuwa imevunja sheria kabla injini haijawashwa. Wakili wa mjane ataziomba karatasi za mizani ya Mlolongo, atamwuliza utingo mlipakia saa ngapi, na hamtakuwa na la kujibu. Tena sheria yahesabu saa za kuendesha tu. Mwili wa dereva huhesabu na zile za kupakia.

"Lakini tuna bima." Vema, ila jueni mipaka yake. Bima ya lazima ni kwa ajili ya mtu aliyekufa au kuumia, na kwa kila mdai haizidi shilingi milioni 3. Korti ikiamuru zaidi, kinachozidi chatoka mifukoni mwenu. Ng'ombe aliyegongwa, ua uliobomolewa na motokaa iliyovunjika havimo, ila mkiwa mmelipia bima ya ziada. Wala sheria haikuilazimisha bima hiyo imhusu jirani mliyempandisha bure juu ya magunia. Dereva na utingo wenu wakiumia kazini ni shauri la sheria nyingine, ile ya mwaka wa 2007 ya fidia kwa wafanyakazi, nayo pia yamdai mwajiri.

Kama mmekodi lori pamoja na dereva wake, kwa kawaida mwenye lori ndiye hujibu. Hata hivyo msimharakishe dereva mwenye macho mekundu, kwa kuwa nanyi mwaweza kuitwa.

Na ikiwa ni wewe uliyegongwa na lori la mtu mwingine, andika namba yake, piga ripoti polisi upate abstrakti, na uwaulize mashahidi dereva alianza safari wapi na saa ngapi. Usikae ukingoja ahadi za mwenye lori. Kesi ya fidia ya kuumia yapasa kufunguliwa kabla ya miaka 3 kupita.

Kwa safari ya Mombasa, wekeni madereva wawili. Wa kwanza akitoka Ol Kalou atafika Mtito Andei saa zake 8 zikikaribia kwisha, na hapo mwenzake, aliyekuwa amelala nyumbani mchana wakati wa kupakia, ashike usukani. Saa ya kuondoka na ya kubadilishana ziandikwe katika daftari, na kila mmoja atie sahihi.